Katika sinema za mahaba, mwanamke hukubali lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kurasa za burudani, zako na za wenzako, zikiandika habari ya sinema ya Kihindi au sizoni ya Kikorea hutueleza nani kacheza, imeingiza fedha kiasi gani, stelingi kavaa nini na wimbo upi unatamba. Jambo moja hurukwa karibu kila mara, nalo ndilo linalobeba hadithi nzima: mwanamke alikubali lini, na alikubalishwaje? Chukua sinema za mahaba za Mumbai unazozikumbuka, uzitazame upya kwa swali hilo tu. Nyingi hazina dakika hiyo kabisa.

Hazina kwa sababu wimbo umeimeza. Sinema ya kawaida ya mapenzi ya Kihindi huchukua saa 2 na nusu hadi saa 3, ina mapumziko katikati, na nyimbo 5 hadi 8 za dakika 4 au 5 kila mmoja. Kabla ya mapumziko, kazi ya hadithi ni kumfanya msichana apende. Baada ya mapumziko, kazi ni kuwakubalisha wazazi. Kwa hiyo mwandishi ana kama dakika 80 za kumtoa msichana kwenye "sikutaki" hadi "siwezi kuishi bila wewe", na ndani ya hizo dakika 80 lazima apenyeze vichekesho, marafiki wa stelingi na ngumi mbili tatu. Njia ya mkato anayoitumia imezoeleka mno. Stelingi anamwona msichana, anamfuata chuoni, kituo cha basi, mpaka mlangoni kwao. Msichana anakasirika, pengine anamzaba kibao mbele za watu. Unaingia wimbo wa kwanza: stelingi na kundi la wenzake wanamzunguka wakicheza, wanamvuta mtandio, wanamzibia njia, naye amenuna. Kisha linakuja tendo moja la wema. Stelingi anamwokoa mtoto asigongwe na gari, au anawatwanga wahuni waliokuwa wakimsumbua msichana kwa namna ileile aliyokuwa akimsumbua yeye siku mbili nyuma. (Tofauti ya mhuni na stelingi hapo ni muziki tu: mmoja kapigiwa filimbi tamu, mwingine ngoma nzito.) Unaingia wimbo wa pili, tuko milimani Uswisi, upepo unapeperusha sari, msichana anacheka. Kati ya nyimbo hizo mbili alisema nini? Hakusema kitu. Mtazamaji ndiye aliyemsemea.

Mtindo huu una chimbuko lake. Kwa miongo mingi baada ya uhuru wa India, busu lilikuwa adimu kwenye sinema za huko, na sheria ya sinema ya 1952 iliwapa wakaguzi nguvu ya kukata. Mwongozaji asiyeweza kuonyesha wawili wakikaribiana akaubebesha wimbo mzigo wote: kutamani, kukubali, kulala pamoja, hata kuzaa. Ni ufundi wa hali ya juu, nami sina nia ya kuubeza. Taarabu yetu yenyewe imechota tuni nyingi humo. Lakini gharama yake ni kwamba vizazi vya watazamaji, kuanzia Majestic ya Unguja na Empress ya Dar es Salaam hadi vibanda umiza vya leo, vimeona wanawake maelfu wakibadilika mawazo bila kuona hata mmoja akiyabadilisha.

Tuchukue sinema inayosifiwa kuwa ndiyo ya heshima kuliko zote, Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, ambayo ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai uliendelea kuionyesha kwa miongo. Raj na Simran, wote wamekulia London, wanakutana kwenye safari ya treni Ulaya. Asubuhi moja Simran anaamka hotelini, usiku alikuwa amelewa, na Raj anamwambia kwamba walilala pamoja. Msichana analia kwa hofu. Ndipo Raj anamwambia alikuwa anatania, kwamba yeye ni Mhindi na anajua heshima ya mwanamke wa Kihindi ni nini. Watazamaji hulikumbuka tukio hilo kama ushahidi wa uungwana wake. Litazame tena polepole: kijana amemtisha msichana kwa jambo zito kuliko yote katika maisha yake, kisha akasifiwa kwa kuwa hakulitenda.

Sinema hiyohiyo ina tukio ambalo wachambuzi wetu hawalitaji kamwe, na kwangu ndilo la kweli kuliko mengine yote. Mama yake Simran anamweleza binti kwamba alipokuwa mdogo aliambiwa mwanamume na mwanamke hawana tofauti. Alipokua, akaachishwa masomo ili kaka zake wasome. Akajitoa mhanga kama binti, kama dada, kama mke. Simran alipozaliwa aliapa kwamba huyu hatapitishwa njia hiyo, na sasa amekuja kumwomba binti yuleyule amsahau Raj, kwa kuwa mwanamke hana hata haki ya kula kiapo kama kile. Hapo mgawanyo wa kazi za mke na mume umewekwa mezani bila kupakwa sukari. Halafu hadithi inafanyaje? Mama anatoa vito vyake, anawaambia vijana wakimbie. Raj anakataa, anamtaka msichana kwa mkono wa baba yake. Mwisho wa yote ni stesheni ya treni, baba amemshika binti mkono, binti anamsihi, na ulimwengu mzima unasubiri mkono huo uachiwe. Unaachiwa, tunalia, tunaenda nyumbani. Mama aliyesema ukweli hakuamua lolote. Simran naye hakuamua. Alihamishwa kutoka kwa mwanamume mmoja kwenda kwa mwingine, kwa ridhaa ya wanaume wawili.

Na tusidhani kwamba ruhusa hiyo ya baba ni pambo la hadithi tu. Utafiti mkubwa wa kaya nchini India wa 2011-12 ulikuta kwamba ni takriban asilimia 5 tu ya ndoa zilizovuka mipaka ya tabaka. Wapenzi wa dini tofauti huko wanaotaka kuoana kiserikali hutumia Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954. Mmoja wao lazima awe ameishi katika wilaya husika kwa siku 30, taarifa yao ibandikwe mahali pa wazi, mtu yeyote apewe siku 30 za kuweka pingamizi, na siku ya ndoa wawepo mashahidi 3. Tangazo hilo la ukutani ndilo linalowaumbua: ndugu analiona, na msako unaanza. Mauaji ya vijana kwa ajili ya "heshima ya ukoo" yalifikia kiwango ambacho Mahakama ya Juu ya India, Machi 2018, ililazimika kutamka kwamba mabaraza ya vijiji hayana mamlaka ya kuingilia ndoa ya watu wazima wawili. Sinema inayomfundisha kijana asubiri baba alegee haimwambii afanye nini baba asipolegea.

Kuch Kuch Hota Hai, ya 1998, ni darasa la aina nyingine. Anjali wa chuoni amekata nywele fupi, anavaa suruali ya michezo, anamfunga Rahul mpira wa kikapu. Rahul anampenda kama rafiki. Moyo wake uko kwa Tina, mrembo wa sketi fupi ambaye, ili tusimwelewe vibaya, anaonyeshwa anajua pia kuimba nyimbo za ibada. Miaka inapita, Tina amefariki, Anjali anarudi na nywele ndefu na sari. Wanacheza tena mpira wa kikapu. Safari hii sari inamsumbua, anashindwa, na hapo ndipo Rahul anaanza kumtazama kwa jicho jingine. Mwanamke akishinda ni rafiki, akishindwa ni mchumba. Mwongozaji wake, Karan Johar, baadaye alikiri hadharani kwamba mambo ya jinsia katika sinema hiyo hayakukaa sawa, na kukiri huko nampa sifa zake. Kichekesho kingine ni kwamba mhusika mkuu anahubiri kuwa mtu huishi mara moja, hufa mara moja, huoa mara moja na kupenda mara moja, kisha sinema nzima ni habari ya yeye kupenda mara ya pili na kuoa mara ya pili. Wanaoyaandika maneno hayo kwenye kadi za harusi wangemaliza kwanza kutazama mkanda.

Hapo bado tuko kwenye sinema laini. Mwaka 1993 ilitoka Darr, ya Yash Chopra. Rahul anampenda Kiran, ambaye ana mchumba. Anampigia simu usiku, anamfuata kila aendako, anachora jina lake kifuani kwa kisu. Hadithi inamhesabu kuwa hatari, na mwisho anauawa. Lakini Shah Rukh Khan alimcheza kwa mvuto kiasi kwamba watazamaji wakatoka ukumbini wakiiga kigugumizi chake cha kulitaja jina la Kiran, na ni wachache wanaokumbuka hata jina la mchumba halali. Hilo ni kosa la ufundi linalofaa kuangaliwa: ukimpa mwandamaji muda mwingi, machozi, na nyimbo, adhabu ya dakika 5 za mwisho haifuti huruma iliyojengwa kwa saa 2.

Miaka 26 baadaye Kabir Singh, iliyonakiliwa kutoka sinema ya Kitelugu ya 2017, haikujisumbua hata na adhabu. Daktari mwanafunzi anaingia darasa la mwaka wa kwanza na kutangaza kwamba binti fulani ni wake, asiguswe. Hawajawahi kuongea. Anambusu shavuni bila kuuliza, anampangia pa kukaa na rafiki wa kuwa naye. Baadaye anamzaba kofi na kumpa saa 6 za kuamua juu ya uhusiano wao. Preeti, ambaye ni mwanafunzi wa udaktari kama yeye, haongei sana katika nusu ya kwanza, na mwishoni anarudi kwake akiwa mjamzito. Ilikuwa miongoni mwa sinema za Kihindi zilizoingiza fedha nyingi zaidi mwaka 2019. Mwongozaji, Sandeep Reddy Vanga, alilitetea kofi katika mahojiano ya mwaka huohuo, akidai kwamba wapenzi wasioweza kuzabana vibao hawana hisia za kweli. Jibu lilitoka Februari 2020 katika sinema ya Thappad: mume anamzaba mkewe kofi moja kwenye sherehe nyumbani, mke anadai talaka, na hadai fidia. Kila mtu anamuuliza, kofi moja tu? Sinema nzima ni kulijibu swali hilo kwa utulivu.

Hapa naomba kujigamba kidogo kwa niaba ya nchi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Taarifa ya ndoa nayo ni siku 21. Mambo haya tuliyaandika zamani. Tatizo ni kwamba yako kwenye karatasi, na Kabir Singh yuko kwenye flashi ya kila kijana.

Najua jibu linalokuja: "Ni burudani tu, nani atamwiga mtu wa sinema?" Januari 2015, mahakamani Hobart nchini Australia, mlinzi mmoja mhamiaji kutoka India alikuwa na kesi ya kuwaandama wanawake wawili. Wakili wake alieleza kwamba mteja wake alikulia kwenye sinema za kwao na akaamini kuwa mwanamke ukimfuata kwa bidii ya kutosha, hatimaye atakupenda. Hakimu alimwachia kwa sharti la mwenendo mwema kwa miaka 5. Sisemi sinema ilimshika mkono. Nasema ilimpa kipimo cha kupimia: alipoambiwa hapana aliihesabu kuwa hatua ya kwanza, kama alivyoona mara mia. Na si mgeni kwetu huyu. Sisi wenyewe tuna bandu bandu huisha gogo, tuna asiyekubali kushindwa si mshindani. Misemo mizuri kwa mkata kuni na mcheza bao, lakini imeingizwa kwenye utongozaji na kumgeuza binti wa watu kuwa gogo. Wakorea wanao wao unaofanana sana, kwamba hakuna mti usioanguka ukikatwa mara kumi, na huko pia hutumika kwa wanawake.

India yenyewe iliamka kwa maumivu. Baada ya tukio la basi la Delhi la Desemba 2012, ambapo msichana alibakwa na kundi la wanaume hadi akafariki, Bunge lilirekebisha sheria ya jinai mwaka 2013 na kuongeza kosa la kumwandama mwanamke. Maneno ya kifungu hicho ni ya kujifunza: mwanamume anayemfuata mwanamke au kumtafuta tena na tena ilhali mwanamke ameonyesha wazi kwamba hataki, au anayefuatilia matumizi yake ya intaneti, anatenda kosa. Mara ya kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 3, mara ya pili kisichozidi 5. Sheria ilisainiwa Aprili. Juni ya mwaka uleule ikaingia kumbini Raanjhanaa, ambamo kijana wa Varanasi anazabwa vibao na haachi, na msichana anapoendelea kukataa anajikata mkono mbele yake. Sinema moja na sheria moja, mwaka mmoja, nchi moja, na kijana wa kawaida aliiona ipi kwanza? Wapo waliobadilika. Mwigizaji Prithviraj wa Kerala, mwaka 2017, baada ya mwenzake wa kike kushambuliwa, aliomba radhi kwa maneno ya kudhalilisha wanawake aliyowahi kuyasema kwenye sinema zake na kuahidi hatayapa tena nafasi. Mwaka mmoja kabla yake sinema ya Pink ilikuwa imemweka Amitabh Bachchan mahakamani akieleza, kama wakili, kwamba "hapana" ni sentensi iliyokamilika na haihitaji maelezo.

Kuhusu Korea nitakwenda haraka zaidi, maana umbo ni lingine lakini ugonjwa ni uleule. Sizoni ya kawaida ina vipindi 16 vya kama saa 1, viwili kwa wiki, wiki 8. Busu la kwanza huwekwa karibu na katikati ili mtazamaji asihame. Kipindi cha 14 au 15 wanatengana, mara nyingi "kwa faida ya mwanamke" ambaye hakuulizwa. Kipindi cha 16 tunaambiwa mwaka umepita, mwanamume anarudi kutoka ng'ambo, mwisho. Ndani ya ratiba hiyo mambo mawili hurudiwa mno. La kwanza ni mkono: mwanamume anamkamata mwanamke kwa nguvu karibu na kiganja na kumburura nje ya mkahawa, kamera inasogea karibu, piano inaanza. Pakiwa na wanaume wawili, kila mmoja anashika mkono mmoja, na mwanamke amesimama katikati kama gunia linalogombewa na wapagazi. La pili ni kwamba anayekuchokoza ndiye anayekupenda. Boys Over Flowers ya 2009, iliyotokana na katuni za Kijapani zilizoanza 1992 na kutengenezwa kwanza Taiwan mwaka 2001, inaanza na mtoto wa tajiri anayempa binti wa dobi kadi nyekundu, ishara kwa shule nzima kumtesa. Binti anamlamba teke, tajiri anapenda, kisha anaamuru akamatwe na kupelekwa kwenye jumba lake, avikwe nguo mpya na kusukwa upya. Wasichana wengi duniani walikulia hapo. Korea ilipitisha sheria ya kuwaadhibu waandamaji Machi 2021, miaka 22 baada ya muswada wa kwanza kufikishwa bungeni. Ilianza kutumika Oktoba mwaka huo na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi won milioni 30. Kabla ya hapo kosa hilo lilihesabiwa pamoja na makosa madogo madogo ya mtaani.

Wanaume nao hawatoki salama katika hadithi hizi, na hili halisemwi vya kutosha. Mwanamume wa Kikorea wa kwenye sizoni ni mrithi wa kampuni, au si mtu. Wa Kihindi anaruhusiwa kulia akiwa amelewa tu. Tangu Devdas, riwaya ya Kibengali ya 1917 iliyogeuzwa sinema mara nyingi, kujiua kwa pombe kumehesabiwa kuwa cheti cha mapenzi ya kweli. Na ni Devdas huyohuyo anayempiga mpenzi wake Paro usoni na kumwachia kovu, ambalo hadithi inalichukulia kama alama ya penzi lao. Kijana wa Buguruni asiye na kampuni ya kurithi anabaki na njia mbili za kuthibitisha: kung'ang'ania au kunywa.

Ajabu ni kwamba watazamaji wetu wamewahi kuonyesha kuwa si lazima walishwe mambo haya. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ya muuguzi Mao Doudou aliyeolewa na mwanamume ambaye wazazi wake walikuwa wameachana, hivyo akajikuta na mama wakwe wawili. Hakuna mrithi wa kampuni, hakuna kushikwa mkono kwenye mvua. Ni habari ya nani atapika, nani atamhudumia mgonjwa, fedha za nyumba zitatoka wapi, na mume asimame upande gani mama yake anapokosea. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Penzi la watu waliokwisha kuoana lilitazamwa na watu wazima kwa vijana, kwa sababu kila mmoja alimjua mama mkwe wa namna ile.

Sasa yanayowezekana kufanyika hapa kwetu, maana India na Korea hatuziamuru.

Wanaoingiza sauti na wanaosimulia kwenye vibanda umiza wana nguvu kuliko mwandishi wa sinema yenyewe. Msimuliaji akitia mzaha wake pale msichana anapokataa, "huyo anaringa tu, subirini", amegeuza kukataa kuwa kukubali kwa pumzi moja, hata pale sinema yenyewe haikukusudia hivyo. Katika Darr hilo litaharibu hadithi nzima. Kanuni ni nyepesi: mhusika akisema hapana, Kiswahili chake kiseme hapana, kwa ukali uleule, bila kupunguziwa kuwa "acha bwana" au "hebu niache mie" kwa sauti ya kudeka. Urefu wa midomo si kisingizio. "Sitaki" ni silabi tatu, inaenea mdomo wowote.

Mzazi au mwalimu anayetazama na vijana asikatize sinema kwa mahubiri, watamkimbia. Asubiri wimbo wa pili uishe, aulize swali moja: kati ya wimbo ule na huu, kitu gani kimebadilika? Wakijibu "amempenda", aulize wameonea wapi. Swali jingine linalofanya kazi vizuri ni kubadilisha sura: tukio lilelile la kufuatwa hadi mlangoni, lakini mfuataji ni yule mwigizaji mnene wa vichekesho badala ya Shah Rukh Khan. Je, bado ni mahaba? Vijana hucheka, kisha hunyamaza kidogo. Njia ya tatu ni kuhesabu: kazi ya mwanamke inaonekana mara ngapi kabla ya mapumziko, na mara ngapi baada yake? Daktari, mwandishi wa habari, mwalimu wa ngoma; wengi huingia kwenye wimbo wa harusi na hawarudi kazini tena.

Binti anayeandamwa kweli ajue kwamba sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inayogusa pia maneno na vitendo vya usumbufu. Kenya, katika sheria yake ya 2015 ya kuzuia ukatili wa majumbani, imeutaja uandamaji kwa jina. Cha kufanya ni kusema hapana mara moja kwa maandishi yaliyo wazi, kutofuta ujumbe wowote wa mwandamaji, kuandika tarehe na mahali alipojitokeza, na kumwambia mtu mzima wa pili kabla ya kwenda dawati la jinsia la polisi. Kumjibu kwa upole kila mara ya tano "ili asijisikie vibaya" ndiko kunakoharibu, kwa kuwa mwandamaji hujifunza kwamba bei ya jibu ni jumbe tano.

Na kwako Mhariri. Kabir Singh nchini India ilipewa alama ya watu wazima pekee. Hapa inauzwa kwenye maduka ya kujazia flashi ikiwa imechanganywa na katuni, haina alama yoyote. Bodi ya Filamu hapa na wenzao wa Kenya wana madaraja ya umri. Ukurasa wako wa burudani ungeweza kuchapa daraja hilo pembeni ya jina la kila sinema unayoisifu, herufi ndogo tu, kama mnavyochapa saa ya kipindi.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam